Lekchara amenifanya nilichukie somo nililolipenda tangu niko darasa la tano

Shikamoo Mwalimu,

Naomba jina langu na la chuo lisitokee maana hapa mambo yanasambaa haraka na bado nina safari ndefu na hawa watu.

Mimi ni binti wa miaka 22, nasoma diploma ya uhasibu mwaka wa pili hapa Mwanza. Kwetu ni Sengerema, mama anauza dagaa, na tangu niko darasa la tano mimi ndo nilikuwa namwandikia daftari la wanaomkopa, nani kachukua nini, nani kalipa nusu, nani kahama na deni letu (yupo mmoja kweli alihama usiku). Nilikuwa naipenda ile kazi jamani, siku hesabu zikigoma nilikuwa silali mpaka nijue elfu mbili imepotelea wapi. Kwa hiyo uhasibu sikulazimishwa na mtu, nilichagua mwenyewe, na mwaka wa kwanza nikatoka na GPA nzuri.

Sasa semista hii tukapewa lekchara mpya. Anaingia hasalimii, anawasha projekta, anageukia ukutani anasoma slaidi neno kwa neno mpaka muda uishe. Ukiuliza kitu anasema someni slaidi. Wiki ya tatu tulikuwa kwenye ile mada ya kulinganisha daftari la fedha na stetimenti ya benki, mimi nikanyoosha mkono nikauliza, sir mbona hela tukipeleka benki sisi kwenye daftari letu tunaandika debiti lakini benki wao wanasema wametukredit, si hela ni ile ile? Akaniangalia muda mrefu kama dakika nzima hivi, halafu akaligeukia darasa akauliza "kuna mwingine aliyekuja chuo kwa bahati mbaya?" Darasa zima likaangua kicheko na wengine ni marafiki zangu tunaokula nao. Swali hakulijibu mpaka leo. Kuanzia siku hiyo naitwa Miss Benki, akiingia tu anauliza Miss Benki yupo?

Ikaja prizentesheni ya kikundi, zamu yangu Kiingereza kikakwama katikati, akasema hicho Kiingereza cha kuombea maji nikakitumie nyumbani, akanikalisha chini akamwita mwenzangu. Testi ya kwanza nikapata 6 kati ya 15. Na yeye matokeo habandiki, anasoma kwa sauti akianzia wa mwisho kwenda juu, kwa hiyo jina langu lilitoka la nne.

Mwalimu nimeishiwa kabisa. Siku za kipindi chake tumbo linaniuma tangu asubuhi. Nilihamia siti za nyuma, halafu nikawa nasaini atendansi natoka, siku hizi rafiki yangu ananisainia. Kitabu cha hilo somo nikikifungua nasinzia, wakati somo la sheria za biashara ambalo hata sikuwahi kulipenda nalisoma mpaka saa sita usiku, na najua kwa nini, yule baba wa sheria anafundisha saa moja asubuhi, tuko zaidi ya mia, lakini majina yetu anayajua, na karatasi ya testi anakurudishia ameandika pembeni hapa ulifikiri nini? Watu wanawahi siti za mbele kwenye kipindi cha saa moja asubuhi, hebu fikiria.

Kaka yangu anasema chuo siyo sekondari hakuna wa kukubembeleza, kaza. Rafiki yangu anasema nihamie ununuzi na ugavi. Mimi nilifikiria niahirishe mwaka ila mama ada ya semista hii ameikopa kwenye kikoba na kila nikikumbuka hilo nalia. UE, ule mtihani wa mwisho wa semista, ni wiki sita zijazo. Tatizo ni mimi au ni yeye? Nimripoti? Nifanyeje ile hamu irudi?

Ni mimi, wa siti ya nyuma, Mwanza.

*

Marahaba mwanangu.

Kabla sijakushauri chochote ngoja nilijibu hilo swali lako, limekaa wiki nyingi mno bila jibu na mimi naona kidonda kipo hapo hapo.

Chukua daftari la mama. Mama Neema kachukua dagaa wa elfu nne hajalipa, wewe unaandika tunamdai Mama Neema elfu nne. Sasa tuseme na Mama Neema ni mtu wa daftari, akifika kwake ataandika nini? Ataandika nadaiwa elfu nne. Elfu nne ni ile ile, biashara ni ile ile, ila vitabu ni viwili na kila mmoja anaandika akiwa amekaa upande wake. Basi benki ndo Mama Neema. Ukiwapelekea laki moja umewakopesha, hela imo mikononi mwao lakini ni yako na siku ukiitaka watakupa, kwa hiyo kwako ni mali imeongezeka unaandika debiti, kwao ni deni limeongezeka wanaandika krediti. Na ile stetimenti wanayokutumia siyo daftari lako mwanangu, ni kopi ya daftari LAO, ndo maana ukiiweka pembeni ya lako kila kitu kinaonekana kimegeuka. Ukishalishika hilo, mada yote iliyobaki ni kutafuta kitu ambacho mmoja ameshaandika na mwenzake bado, labda hundi uliyomwandikia mtu hajaipeleka benki, labda makato ya benki ambayo wao walishakata na wewe huna habari. Yaani ni ile elfu mbili yako iliyopotea.

Umeona? Lilikuwa swali zuri, na nina mashaka makubwa kama nusu ya waliocheka wangeweza kulijibu. Nitasema na jambo ambalo siwezi kulithibitisha, mtu mzima akiulizwa swali akakaa kimya dakika nzima halafu akatoa kejeli, mara nyingine ile dakika alikuwa anatafuta jibu. Nimekaa vyumba vya walimu miaka 26, wanaojificha nyuma ya slaidi nawajua.

Umeuliza tatizo ni wewe au yeye. Limeanzia kwake, hilo sina kigugumizi. Watu wanaongea kana kwamba hamu ya kusoma ni kama nywele, umezaliwa nayo au hukuzaliwa nayo, wakati ushahidi unao mwenyewe kwenye barua, mtu yule yule, wiki ile ile, somo moja anakesha nalo na lingine linamtia usingizi. Kuna wanasaikolojia wawili wa Marekani, Edward Deci na Richard Ryan, wameifanyia kazi hii habari ya hamu kwa miaka mingi sana, na wanachosema ukikitoa kwenye lugha ya wasomi ni kwamba mtu anasukumwa kutoka ndani anapopata vitu vitatu, aone ana sauti kidogo kwenye anachofanya, aone anaweza na anapanda, na aone yupo na watu wanaomjali. Sasa mpime lekchara wako hapo. Swali umekatazwa, alama zimesomwa kuanzia chini, jina umebadilishwa. Vyote vitatu kavimaliza ndani ya semista moja. Na yule wa sheria, kalamu yake tu pembeni ya karatasi, hapa ulifikiri nini, inakupa vyote vitatu kwa mpigo, maana anayekuuliza ulifikiri nini ameshakubali kwamba ulifikiri.

Nikuambie kitu changu ambacho sikipendi. Nilipoanza kufundisha hesabu na mimi nilikuwa nasoma alama kwa sauti, na mimi nilianzia chini. Nilidhani nawaamsha, ndivyo nilivyofundishwa na mimi na nilifaulu, kwa hiyo nikaona dawa ni hiyo (sikujiuliza wale tuliosoma nao ambao hawakufaulu waliishia wapi). Kulikuwa na kijana mmoja nikamsomea nane kati ya mia, nikaongeza na utani juu yake, watu wakacheka sana. Hakurudi. Miaka mingi baadaye naingia duka la vifaa vya ujenzi kununua misumari namkuta yeye ndo mwenye duka, kanihudumia kwa heshima zote, kanipunguzia na bei, halafu ananirudishia chenji ananiambia, "Madam, nane ile bado naikumbuka." Anapiga hesabu za duka zima kichwani kwa kasi ambayo mimi sina. Nilitoka pale nikasahau misumari juu ya kaunta.

Na kaka yako ana nusu ya ukweli. Chuo siyo sekondari, sawa, hakuna wa kukufuata hosteli kukuuliza umesoma. Lakini kutobembelezwa na kudhalilishwa ni vitu viwili tofauti, na mtu hageuki jiwe kwa sababu amefikisha miaka 18.

Haya, sasa hapa utanichukia kidogo. Ile 6 ya testi ya kwanza nampa yeye sehemu kubwa, lakini testi ya pili ukipata 4 sehemu kubwa ni yako, maana umeshaondoka darasani. Hiki ndo kinanitisha kwenye barua yako kuliko hata matusi yake. Aibu haikufanyi mjinga, inachofanya inakuondoa kwenye mazoezi, huulizi, huendi, kitabu hukifungui, wiki tatu zikipita unakuwa kweli hujui, halafu unajitazama unasema kumbe alikuwa sahihi. Hakuwa sahihi siku ile, unamsaidia wewe awe sahihi baadaye. Na hiyo ya kusainiwa atendansi acha kuanzia kesho, vyuo vingi mahudhurio yakishuka chini ya kiwango huruhusiwi kuingia kwenye UE, na mkikamatwa kwa saini ya kughushi mnaondoka wawili, wewe na rafiki yako mwema.

Kwa hiyo rudi darasani. Sikuambii ukampende, wala usikae mbele kabisa kama hutaki, siti ya tatu ya nne hapo pembeni inatosha, nenda ujue amefika wapi na ameweka mkazo kwenye nini maana mtihani atatunga yeye. Akikuita Miss Benki itika, "naam sir", kawaida tu, kalamu mkononi. Najua ni rahisi kwangu kusema nikiwa nimekaa kwenye kochi.

Ila hamu yenyewe usiitafute kule, hukuipata kule. Soma barua yako tena. Ukiwa darasa la tano hakuna mwalimu aliyekusifia kwa daftari la dagaa, hakuna aliyekupa alama, kilichokuwa kinakunyima usingizi ni elfu mbili haionekani, na kilichokuwa kinakupa raha ni kuikuta. Sasa jiulize mara ya mwisho kuitafuta elfu mbili ni lini? Semista yote hii umekuwa unatazama slaidi na uso wa mtu. Chukua mitihani ya miaka ya nyuma, CR wenu, kiongozi wa darasa, lazima anayo, kila siku fanya swali moja tu, kwa mkono, mwanzo mpaka mwisho bila kuchungulia majibu, na zikigoma kulingana USIFUNGUE majibu, tafuta wewe, hata ikikuchukua saa nzima. Siku nne za kwanza utachukia. Tafuta na wenzako wawili, siyo kikundi cha watu kumi ambacho nusu saa ni stori, wawili tu, mmoja awe anajua zaidi yako na mwingine awe anajua kidogo kuliko wewe ili na wewe upate wa kumwelekeza. Elekezaneni kwa Kiswahili kwanza mpaka mada ikae, halafu irudieni kwa Kiingereza, maana wengi wetu tulisoma miaka saba kwa Kiswahili tukaingia fomu wani tukakuta lugha imebadilika na hakuna aliyetuuliza. Kiingereza cha kuombea maji hakina aibu, si maji unapewa?

Jambo la ofisini. Nenda ofisini kwake, mchana, na mwenzako au CR, mlango wazi, ukiwa na swali moja ulilolifanya mwenyewe ukakwama sehemu moja. Usimwambie sielewi, hiyo ndo anaisubiri. Mwambie sir nimefika mstari huu, hapa zimegoma, nimekosea wapi? Watu wanaotamba mbele ya hadhira mara nyingi wakikosa hadhira wanapungua, nimewaona wengi, wengine ukiwa peke yako nao ni walimu wazuri tu ila darasa la watu mia linawatisha na hakuna aliyewafundisha kufundisha, chuo kiliangalia digrii kikawapa chaki. Anaweza pia asibadilike, basi utakuwa umejua. Na nakwambia kama mama, akianza habari za njoo jioni au njoo mwenyewe, hapo siyo suala la hamu ya kusoma tena, siku hiyo hiyo nenda dawati la jinsia kama chuo chenu kina moja, kama hakina nenda kwa mlezi wa wanafunzi, usisubiri ushauri wangu.

Kumripoti? Ndiyo, lakini siyo peke yako na siyo kwa machozi. HOD, mkuu wa idara, ukimwambia anatudharau ataandika hawampendi, basi. Andika tarehe, maneno aliyoyasema, nani walikuwepo. Kusoma alama za watu hadharani akianzia wa mwisho, kumkalisha mwanafunzi katikati ya prizentesheni, kukataa maswali, hivyo ni vitendo, vinaulizika. Mtafuteni CR mwende wanne watano, na usishangae mkikuta waliocheka siku ile nao wana yao, watu wengi wanacheka ili zamu isije kwao. Najua unaogopa CA, zile alama za testi na asaimenti, maana alama 40 ziko mikononi mwake, woga huo una sababu, kwa hiyo kila testi na asaimenti inayorudi tunza karatasi yenyewe au ipige picha, alama zikija tofauti uwe na kitu cha kuonyesha. Na ile fomu ya kutathmini walimu mwisho wa semista, ambayo mnatiki nzuri sana nzuri sana mwende zenu kula, safari hii ijazeni, kuna nafasi ya maoni pale chini na haina jina lako.

Kozi usibadili. Wiki sita kabla ya mtihani siyo wakati wa kuamua maisha, na huko ununuzi na ugavi utaukuta uhasibu unakusubiri mlangoni, huenda na lekchara ni yeye yule. Kuahirisha pia hapana, kikoba cha mama hakiahirishwi. Ukipata sapu, yaani mtihani wa kurudia, moja ya somo hili dunia haijaisha, utaikalia, utaisafisha. Na huko mbele ukiamua kukalia mitihani ya NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu, anayesahihisha anaona namba yako tu, hajui Kiingereza chako kinaombea nini.

Yule baba wa sheria mfuate mwambie asante. Siyo kujipendekeza, walimu wa namna ile huwa hakuna anayewaambia, wanadhani hakuna anayesoma yale wanayoandika pembeni kwa kalamu nyekundu saa tano usiku. Mweleze na unachopitia bila kumtaja mtu, atajua tu ni nani, ofisi ni zile zile.

Leo jioni kabla hujalala chora kurasa mbili, upande huu daftari la mama, upande ule daftari la Mama Neema, weka mauzo matatu na malipo mawili, moja ulifanye limechelewa kufika kwa mwenzake, halafu uzilinganishe. Niandikie matokeo ya testi ya pili yakitoka, hata yakiwa mabaya. Na unijibu na hili maana limenikaa, yule aliyehama usiku na deni la mama, mlimpata?